Biti za Jlin zikiangukia mikononi mwa watu wanne

Kama hujawahi kumsikiliza Jlin basi unachelewa bana. Jina lake halisi ni Jerrilynn Patton, anatokea Gary, Indiana, ule mji wa viwanda vya chuma karibu na Chicago, na yeye mwenyewe alishapiga kazi kiwandani huko huku anatengeneza biti zake. Mizizi yake ni futwoki, muziki wa Chicago wa watu kushindana kucheza kwa miguu, spidi inafika biti 160 hivi kwa dakika, ambayo sisi wa singeli wala haitutishi, ila subiri usikie anavyozipanga, unategemea ngoma idondokee hapa yenyewe ishapita zamani.

Sasa kuna jamaa wanaitwa Third Coast Percussion, wako wanne, wa Chicago, kazi yao kugonga tu, marimba, vibrafoni, ngoma, vyuma, mabakuli, chochote kinacholia. Wakamwomba awaandikie kazi. Jlin hakukaa na manota kwenye karatasi, alienda studio kwao wakarekodi milio ya vyombo vyao, akaingia nayo kwenye kompyuta akatoka na Perspective, vipande saba, akawatumia. Kuvigeuza viwe kitu cha kupigwa na mikono minane wakaachiwa wenyewe, na hapo ndo patamu, maana kompyuta haichoki wala haihitaji sekunde ya kubadilisha fimbo, kwahiyo ilibidi waamue nani ashike mlio gani, kipi wagawane, kipi kipigwe na chombo kingine kabisa.

Waliitoa 2022 kwenye albamu yao Perspectives, na 2023 ikaingia fainali za Pulitzer ya muziki, ile tuzo kubwa ya Marekani (iliyoshinda ni opera inayoitwa Omar). Mwaka huohuo Jlin akatoa toleo lake la kompyuta. Mimi nalipenda kwa ile besi, lakini la wale wanne naona linapumua zaidi, unasikia mbao na ngozi.

Wanaosema eti biti zimepandishwa cheo kwa kuingia kwenye muziki wa klasiki siwaelewi. Nani alimfuata mwenzie? Hao wasomi wa konsavatori, vile vyuo vya muziki, ndo walikaa chini kujifunza biti za dada wa Gary, sio yeye kwenda kusomea nota. Na kwenye albamu yake Akoma ya 2024 amewaita Kronos Quartet, kundi la wapiga fidla na sello, na mtunzi Philip Glass, waje kwenye uwanja wake.

Tumieni hedifoni lakini, sio spika ya simu tafadhali.