Disa za Kitulo: kuvu imepatikana, mbegu zimeota

Zimeota! Mbegu za Disa erubescens, okidi ya ardhini ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, zilizonigomea tangu nianze mradi huu zimeota juu ya aga ya oti, ute mgumu wa kuoteshea. Kwenye hadubini naziona protokomu, yaani vifundo vya kwanza ambavyo mbegu ya okidi hugeuka kabla ya kuwa mche, nyeupe, zimenenepa upande mmoja, na vinywele vyake tayari vimeshika aga. Kuvu iliyoziotesha imetoka kwenye udongo wa huku huku, nje kidogo ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Naandika sasa hivi, mambo yote yakiwa bado mabichi kichwani, maana najua wapo wengine waliokwama pale pale nilipokwama mimi.

Anayehangaika na okidi za ardhini haambiwi ugumu uko wapi. Mbegu ni vumbi tupu, karibu haina akiba ya chakula, na tangu mtaalamu wa mimea Noël Bernard alipolibaini jambo hilo mwaka 1899 inajulikana kwamba porini pasipo kuvu hakuna mche. Kuna wanaonishauri niachane na kuvu nizilishe mbegu kwa sukari, kama mtaalamu wa mimea Lewis Knudson alivyofanya mwaka 1922. Njia hiyo naiheshimu, na kwa okidi za kukaa juu ya miti imefanya makubwa. Lakini mimi sitafuti Disa za kupamba chupa. Nataka zirudi bondeni, kwenye nyasi za mita 2,600 zenye baridi na jalidi ya Juni na Julai, na mche uliolelewa kwa sukari ukifika kule utaanza maisha bila mwenzi wake.

Bonde lenyewe silitaji jina, kwa sababu wachimbaji wa viazi vya okidi nao wanasoma. Ni ardhi ya watu, haimo hifadhini, na mbegu zote nimezichuma kwa ruhusa ya mwenye eneo. Ndani ya hifadhi sigusi kitu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua, na ina aina zipatazo 45 za okidi za ardhini, lakini maua hayajui mpaka, na yaliyobaki upande wetu yanakwisha. Disa ina viazi viwili: cha zamani kinachosinyaa na kipya kinachobeba msimu ujao. Mchimbaji anataka kilicho kigumu, yaani kipya, na akishakichukua mmea umekwisha hata akikirudisha kile kingine ardhini. Davenport na Ndangalasi, katika utafiti wao wa mwaka 2003, walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinavuka kwenda Zambia kila mwaka kutengenezwa chikanda, chakula cha huko kinachopikwa kwa viazi vya okidi. Ongeza mashamba ya viazi mviringo na misindano inayopandwa hadi kwenye majimaji, na utaelewa kwa nini bonde zima sasa lina mimea ninayoweza kuizungukia kwa asubuhi moja.

Sasa turudi kwenye kuvu, maana hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Nilianza kama wengi wanavyoanza, na mizizi ya mmea uliokomaa. Unakata kipande, unasafisha ngozi, unachokoa vile vifundo vya nyuzi za kuvu vilivyojiviringisha ndani ya seli, unavisuuza tone baada ya tone, unavipanda kwenye aga yenye antibayotiki. Ukiandika inaonekana rahisi. Kilichoota kwangu, msimu baada ya msimu, kilikuwa ukungu wa Trichoderma. Ile ya kijani, inayomaliza kisahani kizima kabla hujapata nafasi ya kuhamisha uzi hata mmoja. Isipokuja hiyo, inakuja Fusarium, ukungu mwingine, na rangi yake ya waridi. Nikiongeza jiki kwenye kusafisha mzizi, vifundo vinakufa pamoja na ukungu. Nikipunguza, ukungu unarudi. Katikati ya hapo palipaswa kuwa na kipimo kinachofaa, na kwa mizizi hii membamba ya Disa sikukiona.

Halafu likaja jambo lililoniudhi kuliko ukungu wote. Nilipata kuvu yenye sura yote inayotakiwa. Inakua taratibu, rangi ya maziwa, matawi yanatoka kwa pembe mraba na kubanwa kidogo pale yanapoanzia, seli zake zimepangana mfano wa shanga. Ukiwa na kitu kama hicho kwenye hadubini moyo unakwenda mbio. Nikaziweka mbegu juu yake. Zikavimba, ganda likapasuka, na hapo zikasimama. Wiki zikapita bila kinywele hata kimoja. Mwisho zikageuka kahawia. Kuvu inayoishi na mmea mkubwa si lazima iwe ndiyo inayoamsha mbegu, na hilo limeandikwa mara nyingi, lakini kulisoma ni tofauti na kukaa nalo mezani ukiangalia mbegu ulizozisubiri mwaka mzima zikifa.

Nikaacha kuchagua mwenyewe, nikaziachia mbegu zichague. Watafiti Rasmussen na Whigham walieleza njia hiyo mwaka 1993: mbegu zinafungwa kwenye kipakiti cha wavu, zinafukiwa porini, na kuvu inayozifaa inaingia yenyewe. Wavu niliotumia ni ule wa kuchapishia fulana, wa polista, namba 120 (nyuzi 120 kwa sentimita). Matundu yake ni kama mikroni 50, kwa hiyo mbegu haitoki na uzi wa kuvu unapita bila shida. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kuhangaika na wavu wa maabara. Huu unauzwa kwa mita, hauozi, na kingo zake zinafungwa kwa kisu kilichopashwa moto. Upande wa mwisho usiuchome, ukunje na kuubana, maana joto lile karibu na mbegu ni hasara. Alama za karatasi zilizopakwa plastiki hazifai, zinalowa tu. Vipande vya kopo la soda vilivyoandikwa kwa msumari vimedumu masika yote.

Na kwa kuwa nimeingia kwenye vifaa: boksi la plastiki lenye matundu mawili ya mikono linatosha kabisa kwa kazi hii, mradi hewa ndani yake itulie kabla hujafungua kisahani. Nimeona watu wakiahirisha miradi miaka mizima wakisubiri fedha ya kabati la hewa safi. Fedha hiyo itie kwenye hadubini. Bila hadubini nzuri hutatofautisha mbegu iliyovimba kwa maji na iliyovimba kwa uhai, na hapo ndipo msimu mzima unapopotelea.

Vipakiti nilivifukia mwisho wa mvua, sentimita chache tu chini ya nyasi. Vingine karibu na Disa zilizo hai, vingine kwenye shamba la viazi lililopumzishwa, vingine chini ya misindano. Mafuko yalifukua baadhi yake. Moto wa kiangazi ulipita juu ya vilivyobaki bila kuvigusa, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu moto unalaumiwa kwa kila kitu huku kwetu. Moto unapopita, Disa imelala chini na kiazi chake. Jembe ndilo linalogeuza kila kitu.

Nilipovifungua katikati ya mvua zilizofuata, vile vya karibu na Disa vilikuwa na protokomu. Chache, lakini hai, zimejaa vifundo vya kuvu ndani. Nilizipasua mbili tatu, nikapanda vifundo vyake kwenye aga, na safari hii hakukuwa na kijani wala waridi. Kikaja kitu kisicho na haraka, karibu hakina rangi, ambacho zamani ningekipita nikidhani ni dosari ya aga. Hicho ndicho kilichoziotesha mbegu zilizo mezani sasa.

Ratiba yangu inasema mwezi huu nichanganye mchanga na udongo wa kuhamishia protokomu kwenye vyungu. Sijachanganya chochote, na sidhani kama nitachanganya hivi karibuni. Protokomu nimezihamishia kwenye aga mpya, zitasubiri. Kinachonikosesha usingizi ni vipakiti vya sehemu nyingine. Chini ya misindano, hakuna kitu. Kwenye shamba lililopumzishwa, upande ulio mbali na nyasi, hakuna kitu. Lakini vile vilivyokuwa ukingoni, pale shamba linapokutana na nyasi ambazo hazijawahi kulimwa, vina mbegu zilizovimba na kutoa vinywele! Maana yake kipakiti kinaweza kuniambia kuvu iko wapi kabla sijapanda mche hata mmoja. Kwa nini nijaze vyungu nikiwa sijui mahali pa kuvipeleka?

Kwa hiyo vyungu vimesogea mbele, na nimetengeneza vipakiti vipya kwa mbegu za msimu huu. Nimevipanga mstari kutoka nyasi za asili, kukatiza shamba lililopumzishwa, hadi kwenye msindano wa kwanza, kila kimoja na kipande chake cha kopo, na juu ya kila kimoja nimelaza jiwe bapa kwa ajili ya mafuko. Mwenye shamba amekubali ukanda ule usilimwe mpaka nivitoe. Kuvu nimeigawa kwenye mirija kadhaa, mingine iko kwenye friji yangu na mingine kwa rafiki wa wilaya nyingine, ili umeme ukikatika kwangu isipotee. Protokomu zikionekana mbali na ukingo, nitamwaga mbegu moja kwa moja ardhini, zikiwa zimechanganywa na mchanga wenye unyevu na punje za shayiri zilizoota kuvu hii. Zisipoonekana, nitarudi kwenye vyungu, na miche ya kwanza itapandwa ukingoni, mahali ambapo tayari najua kuvu ipo.