Siku Niliyomwajiri Mama

Mimi ni mpishi wa hafla hapa Umoja, Nairobi. Harusi, ruracio (sherehe ya mahari), ubatizo, matanga: watu wakizidi hamsini na sufuria za nyumbani zikishindwa, huniita. Jumamosi iliyopita nilikuwa na kazi ya watu 90. Mteja nilikuwa mimi mwenyewe pamoja na ndugu zangu sita, na msaidizi wangu mkuu wa chapati alikuwa Mama, ambaye hakujua kwamba sherehe ni yake.

Saa kumi alfajiri

Soko la Marikiti. Ukichelewa hapa hadi jua litoke, unanunua vilivyobaguliwa na wenzako. Kitunguu, nyanya, hoho, dania, viazi vya Nyandarua, kabichi tatu za kujazia sahani. Kijana wa mkokoteni ananiita "mathe" na kunipandishia bei kwa pumzi moja. Kutoka hapo nikaenda soko la nyama la Burma kuchukua mbuzi wawili niliowalipia tangu Alhamisi. Kufikia saa kumi na mbili nilikuwa Jogoo Road ndani ya pikapu ya kukodi, nyama mapajani, nikiomba Mama awe bado amelala.

Saa kumi na mbili na nusu

Hakuwa amelala. Alikuwa amefagia nyumba yangu, amefua vitambaa vya jikoni, na muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) aliouloweka jana usiku ulikuwa tayari motoni.

Nieleze hapa tulivyofikia kudanganya mzazi. Mama haji kwenye sherehe akijua ni yake. Mwaka juzi tulimwambia tunataka kuwafanyia kitu kidogo yeye na Baba, akauliza ni pesa ngapi, tukamtajia, akasema hizo zitengeneze paa la jikoni. Tukatengeneza paa. Lakini mpigie simu umwambie umeelemewa na kazi, wasaidizi wamekutoroka: atapanda basi la usiku kutoka Kibwezi bila kuuliza nauli itarudi lini. Kwa hiyo nilimwambia nina kazi ya watu 90 na sina mtu wa chapati. Tena sikusema uongo hata kidogo.

Shida ya pili ilikuwa tarehe. Vitambulisho vyao wote wawili vimeandikwa Januari 1, kama mapacha waliozaliwa miaka tofauti. Baba anajua tu kwamba alizaliwa gavana wa kikoloni alipotangaza hali ya hatari, na hiyo ni Oktoba 1952. Mama alizaliwa mvua ya 1961, ile iliyokata barabara Ukambani hadi chakula kikadondoshwa na ndege. Kwao wanauita mwaka wa ndege. Oktoba kwa mmoja, mvua za vuli kwa mwingine: tulichagua Jumamosi iliyokuwa katikati, na dada yetu mkubwa akasema mwenye tarehe bora ailete.

Saa tatu asubuhi

Nyuma ya ukumbi wa kanisa, chini ya turubai. Majiko manne ya makaa, sufuria mbili kubwa za pilau, wasichana wangu watatu, na Mama kwenye kibao chake. Mimi hukadiria kilo moja ya mchele kwa watu wanane, na pakiti ya unga ya kilo mbili kwa chapati ishirini na mbili hivi. Mama hakadirii. Anatia maji kwa macho, anakanda kwa ngumi, anakata madonge ambayo ukiyapima yote yana uzito mmoja.

Mikono inafanya kazi, mdomo nao unafanya yake.

"Mteja wako ni mtu wa wapi?"

"Ni watu wa huku tu, Mama."

"Kuku wanane kwa watu 90? Bahili huyo."

Nikanyamaza. Ndugu yetu wa tatu ndiye aliyekata bajeti ya kuku, na nilitamani awepo asikie.

"Wanasherehekea nini?"

"Siku ya kuzaliwa. Ya wazee wao wawili."

Mama akasimamisha kifimbo hewani. "Wazee wana siku ya kuzaliwa? Hao ni matajiri wa Karen." Akasukuma chapati mbili kimya, kisha akaongeza: "Lakini wamelea vizuri. Wewe tazama. Watoto kukusanya pesa yote hii."

Nilijifanya moshi umeniingia machoni, na kweli ulikuwa umeniingia.

Saa tano

Simu ikaanza kulia. Kundi letu la WhatsApp tuliliita Deni la Maji, ili Mama akiona jina hilo kwenye simu ya mtu asitamani kulifungua. Ujumbe ulitoka kwa shangazi, dada yake Baba, aliyepanda treni ya SGR Mombasa asubuhi, ile inayosimama vituo vya katikati.

"Kaka yangu amepanda humu."

Ni kosa langu. Baba tulimwambia ana miadi ya daktari wa macho Jumatatu, na hiyo ni kweli, miadi ipo. Mpwa wangu akamkatia tiketi ya kutoka Kibwezi. Mimi nikamkatia shangazi ya kutoka Mombasa. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba treni ni moja. Viti vya daraja la kawaida vinatazamana, magoti kwa magoti, na Baba si mtu wa kukaa mahali pamoja. Aliendesha malori miaka thelathini na bado akiwa safarini lazima atembee akague. Shangazi akaandika tena: "Amepita anatafuta chai." Halafu: "Anarudi." Halafu kimya cha nusu saa. Baadaye tuliambiwa kwamba alijifunika leso kichwa hadi magotini, akajilaza kama mgonjwa mpaka Athi River.

Saa saba

Ndugu yetu anayefanya kazi Doha alikuwa ametua usiku, na tulimficha kwenye nyumba ya mlinzi wa kanisa. Miaka minne hajakanyaga Kenya. Alichoniandikia si salamu: "Niletee chapati moja ya Mama ikiwa moto." Nikampelekea mbili ndani ya aproni.

Mama alipokuja kupanga hotpoti alihesabu. "Zilikuwa arobaini na tano. Hapa ni arobaini na tatu." Akawatazama wasichana wangu mmoja mmoja, kisha akanivuta kando na kuninong'oneza nibadilishe wafanyakazi.

Muda huohuo kitukuu wa miaka mitano akachomoka upande wa mbele, ambako hema lilikuwa linajaa, akaja mbio akipiga kelele, "Susu!", yaani bibi kwa Kikamba. Mama akamdaka. "Wewe si uko Nakuru?" Nilisema mama yake ana semina hapa karibu. Mtoto akafungua mdomo anisahihishe. Nikautia mandazi.

Saa tisa na nusu

Baba aliletwa na mpwa kutoka stesheni ya Syokimau. Aliingia langoni amefunga koti hadi kifungo cha juu, kofia imenyooka, na jua lile kali. Tukadhani ana baridi ya uzee. Watu walipopiga kelele na vigelegele hakushtuka sana. Alivua kofia, akaanza kusalimu kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, wote, hata wapiga picha. Hiyo ilikula dakika ishirini.

Ikabaki Mama. Nilienda nyuma nikamwambia mteja anamtaka aliyepika chapati.

"Chumvi imezidi?"

"Sijui, Mama. Anakutaka."

Akataka kunawa, nikamzuia. Alitembea mbele yangu haraka, uso wa mtu anayekwenda kujitetea, unga hadi viwikoni. Alipopinda kona ya ukumbi akaona hema, akaona dada zake kutoka Kitui, akaona wajukuu wamejipanga na fulana za rangi moja, kisha akamwona mumewe amekaa kwenye kiti chenye riboni.

Alisema: "Nani amebaki na mbuzi?"

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza, na yamo kwenye video. Baba akamjibu kwamba mtoto wa jirani yuko nao. Ndipo akakubali kuangalia wengine. Alipofika kwa yule wa Doha hakulia wala kumkumbatia. Alimpiga bega kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu, akiuliza, "Ndiyo wewe? Ndiyo wewe?" Kisha miguu ikamwisha, tukamkalisha. Alama ya kiganja cha unga ilibaki kwenye shati jeusi la ndugu yetu, na imo katika kila picha ya siku ile kwa sababu alikataa kuipangusa.

Saa kumi na mbili jioni

Sala, chakula, keki, hotuba. Hotuba zilikuwa nyingi na nitazipita. Mjomba mkubwa alianza kuhesabu ukoo tangu babu wa babu, na kwa kuwa wengi walikuwa hawajawahi kuonana, vijana wawili waliokuwa wameanza kubadilishana namba za simu waligundua kwamba ni binamu.

Baba alipopewa kipaza sauti alikishika kama chupa ya dawa.

"Kuna mama mmoja kwenye treni," akasema, "alijifunika leso tangu Kibwezi. Nilipopita kwenda kwa chai, niliona miguu. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimepinda. Kidole hicho nilikikata mimi na jembe, tukipalilia ndengu, tukiwa watoto." Shangazi akainua mguu juu hema zima lione. "Nikajua kuna jambo. Nikarudi kitini, nikafunga koti vizuri, nikangoja."

Akarudisha kipaza sauti.

Saa tatu usiku

Wenye hema wanakuja kesho asubuhi kuhesabu viti. Mimi na wasichana tuko nyuma tunasugua masufuria kwa majivu, na chapati zilizobaki ni sita, ambazo ndugu wa Doha amezikalia. Mama akaja, kiti cha riboni amekiacha tupu, akakunja mikono ya gauni na kuvuta sufuria ya pilau.

"Mama, wewe ni mwenye sherehe. Kaa."

"Mwenye sherehe nilikuwa kuanzia saa tisa na nusu. Kabla ya hapo nilikuwa kazini. Wewe hulipa msaidizi wa chapati ngapi kwa siku?"

"Elfu moja."

Akanyoosha kiganja. Nilimpa noti, akaishika mbele ya taa kuikagua, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Na hao wasichana wako," akasema akianza kusugua, "uwaombe msamaha kuhusu zile mbili."