Nimeombewa mara sita

Shati jeupe limekauka. Bado kulipiga pasi. Suti nyeusi nimeitundika mlangoni, ile ile moja, maana hapa Fukuoka, Japani, kila mwanafunzi anayetafuta kazi huvaa nyeusi. Kuna asubuhi ukipanda treni utadhani mnaelekea msibani. Kesho ni usaili wa saba.

Mara sita zilizopita nimeletewa barua pepe, na zote zimemalizia kwa kuniombea mafanikio huko niendako. Wanafunzi wa Kijapani wenyewe huziita barua za maombi. Basi nimeombewa mara sita. Mama angejua angefurahi.

Sasa leo mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, katuma sauti kutoka Morogoro: "Shikamoo kaka. Eti huko Japani kuna kazi?" Nimerekodi jibu mara tatu, nikafuta mara tatu.

La kwanza nilimtia moyo. Kazi zipo. Wazee wamejaa, vijana wamepungua, wafanyakazi wageni walishavuka milioni 2 mwaka 2023. Tangu Aprili 2019 kuna viza ya tokutei ginō, yaani ya ujuzi maalumu, isiyouliza shahada: unafaulu mtihani wa ujuzi na wa lugha, unaingia kutunza wazee, kujenga, kulima, kupika mgahawani. Ila katika hatua ya kwanza huji na mke wala mtoto, na kwa kawaida mwisho wake ni miaka 5. Hapo nikakumbuka kijana ameoa Agosti. Nikafuta.

La pili nikamweleza njia yangu, ya ofisini, nikajikuta nalalamika. Nilikuja kusoma uzamili kwa Kiingereza nikaamini Kiingereza hicho hicho kitanivusha. Matangazo ninayokutana nayo yanataka Kijapani cha N2, daraja la pili kutoka juu katika mtihani wa lugha. Julai nilipata alama 84. Kufaulu ni 90 kati ya 180. Wenzangu wa maabara walianza kutafuta zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuhitimu, tarehe 1 Oktoba wakaitwa kupokea barua zao rasmi za ajira, na Aprili wataanza kazi kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Mimi hata sikujua kwamba basi lina ratiba.

La tatu lilikuwa la kweli, ndiyo maana likanishinda. Usaili uliopita waliniuliza, kwa upole kabisa: utakaa nasi miaka mingapi? Nikasema mitatu, halafu narudi nyumbani. Wale wazee watatu wakaitikia kwa vichwa, wakaandika. Palepale nikajua naombewa. Si roho mbaya. Kampuni inakufundisha kazi kuanzia sifuri ikitegemea utadumu. Lakini kesho wakiuliza tena niseme nini? Mama ana sukari. Shamba la Kilosa halina mtu. Na hapa kuna meneja wa duka la saa 24 ninakofanya kazi usiku (mwanafunzi haruhusiwi kuzidisha saa 28 kwa wiki), mama mtu mzima anayenisahihisha Kijapani huku tukipanga mikate, na kila akiniona nimenyamaza huuliza kama nimekula.

Mara ya nne sikurekodi. Nimepiga picha ukurasa wa kwanza wa kitabu changu cha zamani cha hiragana, herufi za kwanza za Kijapani, nikamwandikia: anza na hizi.

Jibu limeingia kabla sijamaliza kola ya shati. Picha ya daftari, herufi "a" mara ishirini, kadhaa zimelala chali. Chini yake: "Kaka, ndiyo hii tu?"

Bado 45, nimemjibu.