Bustani ya Mtwara, mwenye nyumba yuko ughaibuni

Ukimtumia mjomba picha ya bustani ya Uingereza, nyasi zimenyolewa kama zulia, ukamwambia "nataka hivihivi pale Chuno", ujue umemtuma kubeba maji. Hesabu yenyewe ni fupi. Wakati wa kiangazi nyasi zinataka kama milimita 5 za maji kwa siku, na milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Uwanja wa mita 10 kwa 10 unakunywa lita 500 kila siku. Simtanki la lita 5,000 siku ya kumi limekwisha, na kiangazi cha kusini kinaanza Juni, kinakwenda mpaka Novemba.

Sasa weka tuta moja la mboga la mita 1.2 kwa 5 na miche minne ya miti. Tuta linataka lita 30 kwa siku, yaani ndoo moja na nusu. Kila mche unataka ndoo moja mara mbili kwa wiki. Jumla ni kama lita 53 kwa siku, hivyo matanki mawili ya lita 5,000 yaliyojaa mwanzoni mwa Juni yanakuvusha karibu hadi mvua. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 20 linatoa lita 2,000. Toa moja ya tano inayopotea kwenye mifereji. Mvua saba za namna hiyo zinajaza yote mawili. Kwa hiyo anza na mifereji na matanki, kisha kivuli na mboga, halafu maua. Nyasi, kama huwezi kuishi bila nyasi, ziwe kijiukoka cha mbele ya baraza tu.

Jambo la pili linalowaponza waliojifunzia bustani huku ughaibuni ni jua. Vitabu vya huku vinasifu upande wa kusini wa nyumba kwa sababu ndiko jua liliko. Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwisho wa Februari hadi karibu Oktoba 20, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na hicho ni karibu kiangazi chote. Kichanja cha pasheni au cha makuti kinachokinga tuta kikae kaskazini na magharibi yake. Ukikiweka kusini kwa kufuata kitabu, kitatupa kivuli ukutani, na mchicha utaungua saa nane mchana.

Udongo uangaliwe kabla ya kununua hata mche mmoja. Fundi anapomaliza nyumba huacha kifusi, na mara nyingi hukifukia palepale penye ua. Saruji na chokaa vinaufanya udongo ushike madini ya chuma, mmea usiyapate. Majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani, mndimu ukiwa wa kwanza kulalamika. Shangani na Mikindani, kwenye mawe ya matumbawe, hali ni hiyohiyo hata pasipo kifusi. Watu huona njano wakaongeza mbolea ya chumvichumvi, na mmea unazidi kuzorota. Dawa ni kuchimba kifusi na kukitoa, au kujenga kitalu cha mawe chenye kina cha sentimita 30 na kukijaza udongo wa kuletwa. Usikubali udongo uliochotwa kando ya mikoko, hata kama ni mweusi na unapendeza. Una chumvi.

Kwenye mchanga mtupu tia samadi ya mbuzi iliyooza au mboji, madebe mawili kwa kila mita ya mraba, uichanganye hadi sentimita 20 chini. Samadi ya kuku ikae miezi miwili kwanza, mbichi inaunguza mizizi. Tuta la kiangazi liwe chini ya njia kwa sentimita 10, kama sinia, ili maji yasikimbie. Mvua zikikaribia linyanyuliwe, la sivyo bamia zitaoza miguu.

Halafu kuna mtungi. Kifaa cha umwagiliaji cha maana kuliko vyote kwa mwenye nyumba asiyekuwepo ni mtungi wa udongo wa lita 8 hivi, usiopakwa rangi, unaozikwa tutani uvujishe maji polepole kwenye mizizi. Unaujaribu kabla ya kuulipia: ujazwe maji, uachwe kivulini usiku kucha. Asubuhi tumbo lake liwe na unyevu kwa nje, kama linatoka jasho. Likiwa kavu kabisa, mtungi huo ni wa mapambo. Unazikwa hadi shingoni, vidole vitatu vibaki juu ili mchanga usiingie, na mdomo unafunikwa kwa kifuu cha nazi. Kifuu kinazuia mbu kutaga na mijusi kuzama. Mtungi mmoja kila mita 1. Nyanya, bamia au matango yapandwe sentimita 20 kuuzunguka. Wiki tatu za mwanzo mwagilia kwa mkono, maana mizizi bado haijaufikia. Baada ya hapo unajazwa kila siku ya tatu. Ukikauka usiku mmoja, una ufa. Ukibaki umejaa siku tano na udongo unaouzunguka ni mkavu, vitundu vimezibwa na chumvi. Visima vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, utaona ukungu mweupe shingoni. Ung'olewe, usuguliwe kwa brashi, ulowekwe usiku mmoja kwenye maji yenye siki. Mchicha wa kumwaga hauna faida na mtungi, mizizi yake iko juujuu, huo ni wa kopo na mkono.

Miti ipandwe mwisho wa Desemba au Januari. Mvua ya Novemba ni tapeli, inanyesha mara mbili, inapotea, na mche uliokwisha kutoa jani jipya unakauka. Shimo liwe sentimita 60 kila upande. Chini panga makumbi ya nazi matabaka mawili, upande wenye shimo ukitazama juu kama vikombe, ukitia udongo katikati. Yanashika maji wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Makumbi mabichi yanyeshewe mwezi mzima kwanza. Juu yake udongo wa juu uliochanganywa na mboji madebe mawili. Mwembe ukae mita 7 kutoka ukutani. Mkungu usiupande karibu na chemba ya choo. Mkorosho shambani hupewa mita 12 kwa 12, kwa hiyo kwenye kiwanja cha 20 kwa 30 utakuwa wewe ndiye mgeni.

Urembo wa kule unaanza na pua. Asumini hutoa harufu usiku, na upepo wa kusi hutoka kusini mashariki sehemu kubwa ya kiangazi, basi ipande upande huo wa baraza, hatua tatu tu, harufu ije yenyewe. Mrehani kando ya mlango. Bogenvilia kwenye uzio, mche mmoja kila mita, na hapa kosa ni huruma: ukiimwagilia kila siku inajaa majani bila maua. Iache ione kiu, ndipo inawaka. Ikatwe maua yakishapukutika.

Mbuzi wazuiwe kabla ya kupanda, si baada. Matandazo yasiguse shina, yaache kiganja kimoja, maana mchwa huingilia hapo. Maganda ya korosho usiyatumie kama matandazo, mafuta yake yanaunguza mikono ya mpaliliaji.

Kusimamia kwa simu kunahitaji lugha ya ndoo na vidole. "Mwagilia vya kutosha" haina maana kwa yeyote. Ujumbe mzuri unakuwa hivi: "Shikamoo mjomba. Kesho asubuhi naomba utie kidole kwenye tuta mpaka pingili ya pili. Kikitoka kikavu, jaza mitungi. Kikitoka na mchanga ulioganda, acha hadi keshokutwa. Nipigie picha ya jani la bamia, upande wa chini." Wadudu mafuta na utitiri hukaa upande wa chini, picha ya juu itaonyesha bustani nzuri mpaka siku inapokufa.

Na upange kalenda ukijua kwamba kuanzia Oktoba kila mwenye nguvu anaokota korosho. Mjomba ataondoka alfajiri, atarudi jioni, na ndiyo miezi ambayo joto limepanda na tanki liko chini. Mwezi Septemba punguza tuta nusu, ng'oa yaliyochoka, bakiza bamia na matembele, na mwombe mama mdogo au mtoto wa jirani ajaze mitungi kila siku ya tatu kwa malipo mliyokubaliana, yakitumwa kabla ya mwezi kuanza.