Baiti 5 zilizonikosesha usingizi

Nilikuwa nikitengeneza kifaa cha kupima kina cha maji kwenye tangi, na prosesa yake ilikuwa Cortex-M3. Mambo yalikwenda vizuri hadi nilipoongeza safu ya baiti 5, ambayo nilitaka isifutike kifaa kinapojiwasha upya, nikaitengea sehemu yake mwanzoni kabisa mwa RAM, kwenye anwani 0x20000000. Tangu hapo kikomo cha kengele, nilichokiandika 1000, kikawa kinasomeka 6400.

Mshauri wa kwanza aliniambia nibadilishe bodi. Nikabadilisha, pesa ikaenda. Wa pili, kwa uhakika wa mtu asiyelipa chochote, akasema kila kigeu kipewe aligned(4), yaani agizo la kukiweka kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Nilimaliza jioni nzima nikiyabandika maneno hayo kwenye vigeu arobaini na ushei, na 6400 ikabaki pale pale. Ushauri ule haukuwa na kazi, kwa kuwa kompaila ilikwisha kuviombea vigeu hivyo anwani zinazogawanyika kwa 4, na linka, programu inayopanga kila kitu kwenye anwani yake, ilikwisha kuvipa.

Nililolifanya baadaye lilitokana na hasira kuliko akili: nilichukua Cortex-M0 iliyokuwa imelala kwenye droo, nikaijengea programu ile ile. Haikufika hata main, pale msimbo wangu unapoanzia. Iliangukia kwenye HardFault, hitilafu inayoisimamisha programu. Nilifurahi kama aliyeokota pesa, maana M0 haikubali kabisa kusoma wala kuandika baiti 4 kwa pamoja kwenye anwani isiyogawanyika kwa 4, ilhali M3 mara nyingi huvumilia na kunyamaza. Debaga ilionyesha prosesa imekwama kwenye agizo la str, la kuandika kwenye kumbukumbu, ndani ya kitanzi kinachonakili thamani za mwanzo kutoka flashi kwenda RAM, na anwani iliyokuwa ikiandikiwa ni 0x20000005.

Baiti zangu 5! Nilifungua faili ya ramani, inayoorodhesha anwani zilizotolewa na linka, nikakuta .data, sehemu ya vigeu vyenye thamani za mwanzo, inaanzia 0x20000008, kama inavyostahili, kwa kuwa linka iliruka baiti 3. Lakini alama ya _sdata, inayokiambia kitanzi kile .data inaanzia wapi, nilikuwa nimeiandika kwenye skripti ya linka nje ya mabano ya .data, kabla ya sehemu yenyewe, hivyo ikashika anwani ya kabla ya kuruka. Thamani zote zikanakiliwa baiti 3 nyuma ya mahali pake. Hapo ile 6400 ikanichekesha peke yangu: jirani wa kikomo alikuwa kigeu chenye thamani 25, baiti yake ikasomeka nafasi moja juu, yaani mara 256, na 25 mara 256 ni 6400, kumbe siku zote hizo nilikuwa nikisoma baiti ya jirani.

Niliihamishia _sdata ndani ya mabano, baada ya . = ALIGN(4), inayoruka hadi anwani inayogawanyika kwa 4, nikafanya vivyo hivyo kwa _edata, alama ya mwisho wa .data, kisha nikaongeza ASSERT inayodai _sdata % 4 iwe 0, ili linka igome kabla sijaichoma programu kwenye chipu. Ukiazima skripti ya linka ya mtu, anza kutazama hapo. Zile aligned(4) arobaini na ushei bado sijazifuta.