Chakazi si punda

Wafanyabiashara wa Kizungu wa karne ya 19 walikuwa na bidhaa kutoka Zanzibar waliyoiita "jackass", yaani punda dume. Punda hahusiki hata kidogo. Ni neno letu chakazi, lilivyoharibika midomoni mwa wageni: sandarusi (utomvu wa mti uliopikwa vanishi) iliyo mbichi, ya mtini au iliyoangukia chini ya shina. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya sandarusi ya kuchimba, ilhali utomvu ni wa mti uleule, msandarusi. Kwa nini?

Siri imo ardhini. Sandarusi nzuri ilichimbwa Mrima, ng'ambo ya Unguja, kwenye mchanga mwekundu, mara nyingi pahala ambapo miti yenyewe ilishatoweka. Utomvu ukizikwa miaka mingi, mafuta yake mepesi huruka na kilichobaki hushikana na kuwa kigumu. Juu hufanya vipele vidogo, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mnunuzi hodari aliangalia vipele hivyo. Njia nyingine ni tone la spiriti: chakazi hulainika na kunata kidoleni, iliyokomaa karibu haibadiliki.

Lakini vipele havionekani mpaka ganda la mchanga litoke, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Sandarusi hulowekwa katika maji ya magadi, ganda likalegea, kisha husuguliwa kwa brashi na kupangwa kwa ukubwa na rangi. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa Salem, Massachusetts, kwenye kiwanda cha Jonathan Whipple. Meli za huko zilileta vitambaa, ndiyo maana mpaka leo tunasema merikani, zikarudi na pembe na sandarusi chafu. Biashara hiyo ilipewa nguvu na mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani. Mwaka 1861 Marekani ikatoza ushuru sandarusi isiyooshwa, na uoshaji ukahamia huku kwetu. Natamani watoto wetu wafundishwe hili skuli: sheria ya ushuru iliyotungwa Washington iliwapa watu wa Unguja kazi.

Huko ng'ambo ilikokwenda, sandarusi ya kuchimba ilipikwa vanishi ya magari ya farasi, na ugumu uliofanya ipendwe ndio uliowatesa wapishi wake. Sandarusi iliyokomaa haikubali mafuta hivihivi. Lazima iyeyushwe kwanza kwenye sufuria, joto lipite nyuzi 300, itoe povu na moshi mpaka ipungue kama robo ya uzito wake. Ikiepuliwa mapema hujitenga na mafuta. Ikizidi moto huwa nyeusi. Mafuta ya kitani nayo yatiwe yakiwa moto, kwani ya baridi huigandisha palepale. Tapentaini ilitiwa mwisho kabisa, sufuria ikiwa mbali na moto, maana mvuke wake ukifikia makaa huwaka.

Chakazi ilipelekwa zaidi Bara Hindi na China, ikapikwa vanishi ya kawaida.