Kulinganisha ubongo wa spishi mbili, seli kwa seli

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kulinganisha ubongo wa wanyama wawili ni kuchukua kipande cha kila mmoja, kukisaga na kupima ni jeni zipi zinazotumika zaidi. Njia hiyo imezaa tafiti nyingi, lakini ina mtego: ubongo ni mchanganyiko wa seli za aina nyingi, kwa hiyo jeni inayoonekana kuzidi kwa binadamu huenda haijabadilika ndani ya seli yoyote, ila seli zinazoitumia ndizo zilizoongezeka katika kipande kile.

Ili kuukwepa mtego huo, siku hizi husomwa RNA, yaani nakala za jeni zinazotumika, ya kiini kimoja kimoja, sehemu ya seli inayohifadhi jeni. Viini hupendelewa kuliko seli nzima kwa sababu neuroni (seli za neva) za ubongo uliokomaa, zenye matawi marefu yaliyosukana, huharibika zikitenganishwa, ilhali kiini huweza kutolewa hata katika tishu iliyogandishwa. Kisha seli za spishi moja hulinganishwa na za nyingine kwa kutumia jeni ambazo kila spishi ilirithi kutoka kwa babu mmoja na kubaki na nakala moja tu.

Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Allen, Seattle, walibainisha aina 75 za seli katika sehemu ya gamba la ubongo wa binadamu, na nyingi zilikuwa na wenzao kwa panya. Hata hivyo, ndani ya aina zinazolingana, matumizi ya jeni yalitofautiana sana, zikiwemo jeni za vipokezi vya serotonini, yaani protini za seli zinazopokea kemikali hiyo ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo. Kwangu hilo ni zito kuliko mjadala wa iwapo ubongo wa binadamu ni wa kipekee, kwani dawa inayolenga kipokezi fulani inaweza kugusa kwa panya seli ambazo kwa binadamu hazina kipokezi hicho.

Mwaka uliofuata ilitangazwa aina ya neuroni katika striato, sehemu ya ndani ya ubongo, iliyopatikana kwa binadamu na kwa nyani wa aina ya makaku na marmoseti lakini haikuonekana kwa panya.

Nisomapo makala za namna hii huanza kwa kutazama idadi ya wanyama, si idadi ya viini. Viini laki moja kutoka kwa sokwe watatu bado ni sokwe watatu, na umri wao, pamoja na saa zilizopita tangu wafe, vyaweza kuonekana kana kwamba ni tofauti ya spishi.